Kaunta ya mbao jikoni Dodoma: mninga, mtiki, mkongo au paina?

Anayetaka kaunta ya mbao jikoni kwake hapa Dodoma ana mambo manne ya kuamua: mbao ya mti gani, iungwe vipi, ipakwe nini na ifungwe vipi. Wengi humaliza nguvu zao kwenye hilo la kwanza. Mninga na mtiki hubishaniwa wiki nzima, halafu matatu yaliyobaki anaachiwa fundi ayaamue siku ya kazi. Kaunta zilizopasuka au kupinda ambazo nimeziona mjini hapa, nyingi zilitengenezwa kwa mbao nzuri kabisa. Ziliharibiwa na unyevu uliobaki ndani ya mbao, na skrubu zilizokazwa mahali ambapo mbao ilitakiwa kuachiwa nafasi.

Nitalinganisha yote manne, na nitakaa zaidi pale ambapo hasara huwa kubwa.

Hewa ya huku inavyoifanya mbao

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwenye nyanda kame. Mvua ya mwaka ni kama milimita 550 hadi 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni miezi mingi ya jua na upepo mkavu, na ikifika Septemba na Oktoba hata midomo ya watu inapasuka. Mbao nayo iko kwenye hewa hiyohiyo. Wakati wa mvua inavuta unyevu na kutanuka, kiangazi inautoa na kusinyaa, na itaendelea hivyo miaka yote hata kama mti ulikatwa zamani.

Jambo la kushika ni kwamba mbao karibu haibadiliki kwa urefu. Inabadilika kwa upana. Kaunta yenye kina cha sentimita 60 kutoka ukutani hadi ukingo wa mbele inaweza kupungua au kuongezeka milimita 3 hadi 6 kati ya kiangazi na mvua, kutegemea aina ya mbao na jinsi ilivyopasuliwa. Kaunta iliyoundwa Dar es Salaam au Tanga, kwenye joto la unyevu wa bahari, ikaletwa huku mwezi wa tisa, itasinyaa zaidi ya hapo. Ikiwa imebanwa mbele na nyuma na haina pa kwenda, inapasuka katikati. Hakuna vanishi wala gundi ya kuzuia nguvu hiyo.

Mbao, graniti, au zege lenye marumaru?

Nianze hapa kwa sababu kuna watu watakaogundua kwamba hawahitaji mbao kabisa.

Zege lililomwagwa juu ya kuta fupi za tofali, kisha likapigwa marumaru za dukani, ndilo chaguo la nyumba nyingi kuanzia Nkuhungu hadi Nzuguni. Ni nafuu, fundi yeyote wa ujenzi analiweza, halijali sufuria ya moto na mchwa hawaligusi. Kasoro yake ni mistari ya kati ya marumaru, ambayo hukusanya mafuta na weusi, na ugumu wake: glasi ikidondoka hapo imekwenda.

Graniti ni nzuri, inadumu, na inaoshwa kwa kitambaa tu. Lakini ni nzito na inahitaji fundi mwenye mashine za kukatia mawe. Chukua kaunta ya futi 6 kwa sentimita 60. Kwa graniti ya unene wa sentimita 2 utabeba takribani kilo 58. Kwa mninga wa unene wa sentimita 4 utabeba kama kilo 28, na kwa paina wa unene huohuo kilo 20 hivi. Kabati nyingi za chipubodi zinazouzwa zikiwa tayari haziwezi kubeba graniti bila kuongezewa fremu.

Mbao ina sifa mbili kubwa. Ya kwanza, unaweza kuitengeneza mwenyewe au na fundi wa mtaani, kwa randa, msumeno, gundi na uvumilivu. Ya pili, inarekebishika: ikichubuka au ikiungua unapiga msasa, unapaka mafuta, na kazi imeisha. Graniti ikipasuka umeshapata hasara. Na kwa anayesukuma chapati au kukanda unga wa maandazi kila alfajiri, mbao ni rafiki wa mikono.

Inaposhindwa ni kwenye maji yanayokaa na kwenye moto. Kwa hiyo ushauri wangu kwa nyumba nyingi ni kaunta ya mchanganyiko: upande wa sinki na upande wa jiko uwe zege lenye marumaru au graniti, na sehemu kavu ya kukatia mboga, kukandia na kuandalia chakula iwe mbao. Ukifanya hivyo hesabu yote inakuwa rahisi, maana mbao unayohitaji ni futi 5 au 6 tu, na unaweza kununua nzuri badala ya nyingi.

Upande wa jiko una sababu nyingine ambayo ramani nyingi za majiko huisahau. Kimo kizuri cha kaunta ya kukatia ni sentimita 85 hadi 90. Ukiweka jiko la gesi la mezani juu yake, kisha sufuria juu ya jiko, anayesonga ugali anakuwa ameinua viwiko hadi karibu na mabega, na ugali wa watu wanane hausongwi hivyo. Shusha sehemu ya jiko hadi sentimita 70 au 75. Ukishaishusha, ni sehemu tofauti tayari, kwa hiyo ni rahisi kuijenga kwa zege.

Mti gani?

Mninga ndio unaotajwa kwanza, na sifa zake ni za kweli. Unatoka kwenye misitu ya miombo: Tabora, Katavi, na kwa jirani zetu wa Singida upande wa Manyoni. Sifa yake kubwa kwa kazi hii ni kwamba husinyaa kidogo sana ukilinganisha na mbao nyingine za uzito wake, kwa hiyo ukikauka vizuri unatulia. Unarandika kwa urahisi na unashika gundi. Kiini chake chenye rangi ya kahawia na wekundu kinastahimili mchwa. Lakini ile sehemu nyeupe ya nje, inayokaribia gome, haistahimili: fukusi huitoboa hadi ikawa unga. Ukiona ubao wa mninga una ukanda mweupe pembeni, hesabu kwamba ukanda huo utakatwa na kutupwa, na bei uizungumze ukijua hivyo. Vumbi lake huwasumbua baadhi ya watu kifuani, hivyo fundi avae barakoa na apige msasa nje.

Mtiki ni mti wa kupandwa. Mashamba ya Longuza kule Muheza, Mtibwa mkoani Morogoro, na bonde la Kilombero ndiyo yanayojulikana zaidi. Una mafuta yake ya asili, ndiyo maana tangu zamani umetumika kwenye meli. Kwa sehemu iliyo karibu na maji mtiki unaushinda mninga, na kama unalazimika kuzungushia sinki kwa mbao, chagua huu. Kuna mambo mawili ya kuangalia. Miti michanga inayopunguzwa shambani hutoa mbao nyembamba zenye weupe mwingi, na weupe wa mtiki hauna nguvu ya kiini chake. Na yale mafuta yaliyo sifa yake huzuia gundi kushika: kingo zinazoungwa zirandwe siku hiyohiyo, zifutwe kwa tina, ziachwe zikauke, ndipo zipakwe gundi. Fundi akiranda leo akaunga wiki ijayo, maungio yataachia.

Mkongo ni mzito, kama kilo 800 kwa mita ya ujazo wakati mninga uko kwenye 640. Ni mgumu na umetulia sana, na ndiyo sababu watu huutaka kwa milango ya mbele. Kaunta ya mkongo haichubuki kirahisi. Lakini unachosha misumeno na visu vya randa, vumbi lake linapigisha chafya, na una rangi ya njano ndani yake ambayo hutoka ukilowana. Kitambaa cheupe kikiachwa kibichi juu ya mkongo mpya kinaweza kuokotwa kikiwa na doa la njano. Ukiwa na mkongo mkavu uliobaki kwenye kazi ya milango, utumie bila wasiwasi. Kwenda kuununua kwa ajili ya kaunta pekee, sioni sababu.

Paina ndiyo inayopatikana kila mahali, nyingi kutoka mashamba ya Sao Hill kule Mufindi. Bei yake iko chini sana ya mninga na inakatika hata kwa msumeno wa mkono. Ni laini: kisu kikidondoka kinaacha alama, na sufuria ikiburutwa inaacha mfereji. Hutanuka na kusinyaa zaidi ya mninga na mtiki majira yanapobadilika. Vifundo vyake hutoa utomvu wa kunata, hasa dirishani kwenye jua la mchana. Pamoja na hayo siidharau. Kwa nyumba ya kuanzia maisha, paina kavu, yenye vifundo vichache, iliyoungwa vizuri na kupakwa mafuta, inatumika miaka mingi ukiitunza.

Hapa kuna onyo moja ninalolisisitiza kuliko yote. Paina nyingi inayouzwa ni ya kuezekea, na imetiwa dawa ya kuzuia mchwa. Mara nyingi utaiona ina ukijani. Dawa inayotumika sana kwa mbao hizo ina shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki ni sumu. Mbao hiyo ikae darini. Usiiweke mahali unapokatia nyanya, usiifanye meza ya kulia chakula, na mabaki yake yasichomwe kwenye jiko la mkaa wala chini ya sufuria ya maharage, kwa sababu sumu inabaki kwenye moshi na majivu. Muulize muuzaji waziwazi kama mbao imetiwa dawa. Akisita, nenda kwa mwingine.

Kuhusu uhalali, mninga na mkongo ni miti ya misitu ya asili inayochukua miongo mingi kukua. Mwaka 2022, kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, uliofanyika Panama, jamii zote mbili za miti hiyo kwa Afrika ziliwekwa kwenye orodha ya zile ambazo biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Kununua kwa matumizi ya nyumbani hakukatazwi, ila nunua kwenye yadi inayotoa risiti na inayoweza kuonyesha hati ya usafirishaji ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Kwa upande huu mtiki na paina hazina mzigo mkubwa, kwa kuwa zinapandwa na kupandwa tena.

Ningekuwa nachagua kwa ajili ya sehemu kavu ya futi 6, ningechukua mninga. Pesa isipotosha, paina isiyo na dawa. Mtiki ningeutafuta kwa sababu ya sinki tu.

Imekauka kweli?

Muuzaji atakwambia imekauka. Anasema anachokiona: juu ni kavu. Ubao wa inchi 2 unaweza kuwa mkavu nje na bado ukawa na maji katikati.

Kipimo cha umeme cha unyevu kipo kwa baadhi ya mafundi, lakini mzani mdogo wa jikoni unatosha. Kata kipande cha upana wote wa ubao, unene wa vidole viwili, kutoka sehemu ya kati na si mwishoni, kwa sababu ncha za ubao hukauka mapema na zitakudanganya. Kipime papo hapo na uandike uzito. Kiweke jikoni kwako, kwenye hewa itakayoishi kaunta, ukipime kila baada ya siku chache hadi kisipungue tena. Kama kilianza na gramu 200 kikatulia kwenye 196, ubao uko tayari. Kikishuka hadi 180, ubao una maji mengi na ukiuunga sasa utajuta kiangazi.

Mbao yenye maji ipangwe kivulini, juu ya tofali ili mchwa wasiifikie, na kati ya ubao na ubao viwekwe vijiti vya unene sawa kila baada ya nusu mita, vyote vikiwa kwenye mstari mmoja wima. Weka uzito juu. Ncha za mbao zipakwe rangi ya mafuta au nta ili zisipasuke. Usiianike juani ukidhani unaharakisha. Upande mmoja utakauka kabla ya mwingine na ubao utapinda. Hesabu miezi kwa mbao ya inchi 2, wala si wiki.

Kiangazi cha Dodoma kinatusaidia hapa kuliko watu wa pwani. Nunua mapema, panga mbao zako kuanzia Mei, unga kaunta kati ya Agosti na Oktoba. Mbao itakuwa karibu na ukavu wake wa mwisho, na mabadiliko yatakayofuata ni kutanuka kidogo mvua zikianza, jambo ambalo nafasi ndogo nyuma ya kaunta inalimeza. Kaunta iliyoungwa Februari inaanza maisha ikiwa imetanuka, na itakachofanya miezi inayofuata ni kusinyaa.

Ubao mpana au vipande vyembamba?

Ubao mpana ni mzuri kwa macho. Mbao mbili za sentimita 30 zikiungwa, unapata kaunta yenye mchoro wa mti unaoonekana wote. Lakini ubao mpana ukiamua kujikunja, unajikunja wote, na nguvu yake hakuna skrubu inayoishinda. Vipande vya upana wa sentimita 5 hadi 9 vikiungwa ubavu kwa ubavu, kila kimoja kina mwelekeo wake na kinamzuia jirani yake. Kwa hewa ya huku nachagua vipande.

Kwa kaunta ya futi 6, mbao nne za inchi mbili kwa inchi nne, zenye urefu wa futi 12, zinatosha. Kila moja inatoa vipande viwili, jumla vinane, nawe unahitaji saba: kila kipande kikibaki na sentimita 9 baada ya kurandwa, unapata sentimita 63, unazipunguza hadi 60. Cha nane ni cha akiba, kwa kuwa kimoja hakikosi kuwa na ufa au kifundo kibaya. Unene utashuka kutoka inchi 2 hadi kama sentimita 4. Vipitishe kwenye mashine ya kuranda pande zote nne. Kingo zikikutana bila mwanga kupita katikati, gundi peke yake inatosha. Misumari haina kazi hapo.

Gundi nyeupe ya kawaida ya mbao hulainika ikilowana. Tafuta ile iliyoandikwa kwamba inastahimili maji. Na kwa kuwa hewa yetu ni kavu, gundi huweka ngozi haraka: fanya kazi hii asubuhi, vipande vikiwa vimeshapangwa na kupewa namba, klampu zikiwa wazi tayari. Usipokuwa na klampu ndefu, chukua vipande vya mbili kwa nne vyenye urefu unaozidi upana wa kaunta, pigilia kizuizi kila mwisho, kisha bana kwa kabari zinazogongwa kutoka pande mbili. Bana kila baada ya sentimita 30, juu na chini kwa kupokezana ili kaunta isiinuke katikati. Acha hadi kesho yake.

Mafuta au vanishi?

Hapa watu wawili wanaweza kuwa sahihi wote. Vanishi ngumu ya poliyurethani hukaa juu kama kioo, inazuia maji ya kumwagika, na kwa anayetaka kufuta tu na kuondoka ni raha. Tatizo linaanza siku inapochubuka. Maji yanaingia kwenye mchubuko, yanapita chini ya vanishi na kuacha weusi, na huwezi kurekebisha sehemu moja bila kukwangua kaunta nzima. Mafuta hayazuii maji vizuri hivyo, yanahitaji kurudiwa kila baada ya miezi michache na mara nyingi zaidi mwaka wa kwanza, lakini sehemu iliyoharibika unaitengeneza kwa msasa na kitambaa ndani ya nusu saa. Kwa mahali pa kukandia na kukatia nachagua mafuta. Kwa kaunta ya kuwekea vyombo na chai tu, vanishi inakubalika.

Ila si mafuta yoyote. Tuko kwenye nchi ya alizeti, kuanzia Singida hadi Kongwa, na dumu halikosekani jikoni, kwa hiyo wengi hupaka hayo. Alizeti haikauki vizuri ndani ya mbao. Inabaki ikinata, inashika vumbi na baadaye inatoa harufu ya uchachu. Yanayofaa ni parafini ya maji inayouzwa duka la dawa, ambayo haina harufu wala haiharibiki, au mafuta ya kitani (linseed) ambayo hukauka na kuwa magumu. Haya ya kitani nunua yasiyochanganywa na kemikali za kukausha, na uyape wiki kadhaa kabla ya chakula kugusa kaunta. Matambara uliyopakia mafuta ya kitani usiyakunje na kuyatupa kwenye kona. Yakijikusanya hujipasha joto yenyewe na yanaweza kuwaka moto. Yatandaze nje yakauke au yaloweke kwenye maji.

Ukichanganya parafini hiyo na nta ya nyuki unapata kitu bora zaidi, na nta haipo mbali: warina asali wa Manyoni na Tabora wanayo. Sehemu moja ya nta kwa sehemu nne za mafuta, kwa uzito. Weka bakuli ndani ya sufuria yenye maji ya moto, nta iyeyuke polepole bila kuguswa na moto moja kwa moja. Ikipoa inakuwa kama losheni nzito. Paka, acha usiku, futa asubuhi.

Chochote utakachochagua, paka juu, chini, kwenye ncha na ndani ya kila tundu. Kaunta iliyopakwa juu tu hupokea unyevu kutoka chini na kuinama.

Kuifunga

Nyumba mpya iachwe ikauke kwanza. Plasta na sakafu zilizomwagwa juzi hutoa maji mengi, na kaunta uliyoikausha miezi mitano itayanywa yote ndani ya siku chache.

Juu ya kabati za mbao kazi ni rahisi. Skrubu zinatoka chini kwenda juu. Za mstari wa mbele zipite kwenye matundu ya kawaida ili ukingo wa mbele usihame. Za nyuma zipite kwenye matundu marefu, ya sentimita 1 au zaidi kwa mwelekeo wa mbele na nyuma, zikiwa na washa, zikazwe kiasi cha kushika tu. Nyuma, kati ya kaunta na ukuta, acha milimita 8 hadi 10, uzifiche kwa ubao mwembamba uliofungwa ukutani na si kwenye kaunta. Hapo mbao inasogea inavyotaka na wewe huoni kitu.

Juu ya zege usiilaze moja kwa moja, wala usiigundishe. Weka papi kavu kila baada ya nusu mita ili hewa ipite chini, ufunge papi kwenye zege na kaunta kwenye papi, kwa utaratibu uleule wa matundu marefu. Kagua mara kwa mara pale zege linapokutana na ukuta, maana mchwa hujenga njia zao za udongo humo, na hata mninga una weupe uliosahaulika mahali.

Kona ya L isiunganishwe kwa gundi. Kipande kimoja kinatanuka kuelekea upande ambao mwenzake hautanuki, na gundi itapasua kimojawapo. Tumia bolti za chini zenye nafasi, na silikoni kwenye mstari wa juu.

Kama kuna sinki ndani ya mbao, chagua lenye mdomo unaolala juu ya kaunta, upake mafuta ukingo wa tundu mara nyingi hadi ukatae kunywa, kisha silikoni. Chini ya ukingo wa mbele chonga mfereji mwembamba ili tone la maji lianguke badala ya kutambaa kwenda kwenye kabati. Maji ya visima vya huku yana chumvi, yakikauka yanaacha weupe. Yafute yakiwa bado maji. Na waya wa chuma wa kusugulia masufuria usiachwe juu ya mbao ukiwa umelowa. Chuma, maji na tanini ya mbao vikikutana vinatoa doa jeusi ambalo sabuni hailiwezi.

Kwa mpangaji, haya yote bado yanawezekana. Tengeneza kaunta yenye miguu yake ya mbili kwa nne au ya bomba la chuma la mraba, isiyogusa ukuta, iliyofungwa kwa bolti za kufunguka. Usizidishe futi 6. Kwa urefu huo inapita kwenye milango ya kawaida na inalala kwenye kirikuu bila kutokeza nyuma, kwa hiyo mkataba ukiisha Kisasa unahama nayo hadi Ilazo.